Je, Wajua? Ari ya Mazoezi Haisubiriwi

Je, wajua kwamba Wahadzabe, wawindaji na warina asali wa kandokando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, hawafanyi mazoezi? Hawana siku ya kukimbia wala saa ya kunyanyua vyuma. Wana chakula cha leo cha kutafuta. Mwanaume hutembea kilomita 11 hivi kwa siku akifuata mnyama au asali, mwanamke karibu kilomita 6 akienda kuchimba mizizi na kuchuma matunda ya porini. Watafiti waliowavalisha vifaa vya kupima mapigo ya moyo walikuta kwamba shughuli za kuhemesha huwachukua zaidi ya saa mbili kila siku.

Na je, wajua kwamba watu hao hao hukaa na kupumzika karibu saa 10 kwa siku? Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ndio ulioonyesha hivyo. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko hayo huchuchumaa au kupiga magoti, kwa hiyo misuli ya miguu hailali kabisa kama inavyolala kwenye kochi.

Naanzia kwa Wahadzabe kwa sababu wengi wanaoshindwa kuamka kwenda kukimbia hujiita wavivu, na aibu hiyo ndiyo inayowamaliza. Daniel Lieberman, mwanabayolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, ameandika kitabu kizima kueleza kwamba mwili wa binadamu umejengeka kutumia nguvu pale penye haja au penye raha, na kuziweka akiba wakati mwingine wote. Wewe unayeona raba zina uzito wa mawe saa kumi na moja alfajiri huna kasoro ya tabia. Una mwili wa kawaida ambao haujaona haja wala raha ya kutoka kitandani. Kazi yako ni kuupa kimojawapo, na ikiwezekana vyote viwili.

Je, wajua kwamba pamoja na kutembea kote huko, Mhadzabe hatumii nishati nyingi kwa siku kuliko mtu wa Marekani au Ulaya mwenye umbo kama lake? Herman Pontzer na wenzake walilipima jambo hili kwa kuwanywesha maji maalumu ambayo yakifuatiliwa kwenye mkojo huonyesha nishati iliyotumika, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukizoea kazi nyingi hubana matumizi kwingine. Hii ndiyo sababu mtu anayeanza mazoezi kwa ajili ya mzani peke yake huvunjika moyo upesi: wiki ya sita anapanda juu yake, anakuta kilo moja imepungua au haikupungua kabisa, anatundika raba. Wakati huo huo moyo wake umeshapata nguvu, presha imeshuka kidogo, sukari inatumika vizuri zaidi na usingizi umekuwa mtamu. Yote hayo hayaonekani kwenye mzani. Tafadhali, usiupe mzani kazi ya kuamua kama unaendelea au unaacha.

Je, wajua kwamba karibu asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha chini cha kuushughulisha mwili mwaka 2022? Ni hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Kiwango chenyewe ni dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 za shughuli nzito, pamoja na kazi ya misuli angalau siku mbili.

Je, wajua kwamba katika orodha ya nchi iliyotolewa na shirika hilo hilo mwaka 2018, Uganda ndiyo iliyokuwa na watu wachache kuliko zote wasiofikia kiwango, asilimia 5.5 tu? Tanzania ilikuwa jirani yake wa karibu, asilimia 6.5. Kuwait ilikuwa asilimia 67. Tusijisifu haraka. Namba zetu nzuri zimetoka kwenye jembe, ndoo ya maji kichwani na safari za miguu kwenda shuleni na sokoni. Anayehamia mjini akapata kazi ya mezani na bodaboda ya kumfikisha mlangoni ameacha hayo yote nyuma, mara nyingi bila kuweka kitu mahali pake.

Je, wajua kwamba somo hili lote la mazoezi na moyo lilianzia ndani ya basi? Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa London alichapisha utafiti uliolinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makondakta wao. Walivaa sare moja, wakafanya kazi kwenye gari moja, wengi wao kutoka mitaa ya aina moja. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi 500 hadi 750 kwa siku akikata tiketi. Mshtuko wa moyo uliwapata makondakta mara chache zaidi, na ulipowapata uliua wachache. Kondakta yule hakuhitaji mtu wa kumpa hamasa. Ngazi zilikuwa sehemu ya kazi, na abiria wa juu asingekatiwa tiketi kama yeye angebaki chini. Hiyo ndiyo haja ninayoisema. Morris mwenyewe aliyachukua matokeo yake kwa uzito, akaishi hadi umri wa miaka 99.

Ngazi za ofisini kwako unazijua ziko wapi?

Je, wajua kwamba hatua 10,000 kwa siku hazikuanzia hospitalini? Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilishika, dunia ikalichukua kama amri ya daktari. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wastani wa umri wao miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi hatua kama 7,500, kisha ikatulia. Kwa bibi aliyekata tamaa kwa kuwa simu ya mjukuu inamwambia amefikisha nusu tu, hii ni habari njema, na apelekewe leo.

Je, wajua kwamba hata dakika moja moja zinahesabika? Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Emmanuel Stamatakis waliangalia takwimu za watu zaidi ya 25,000 wa Uingereza waliosema hawafanyi mazoezi yoyote. Wale ambao vifaa vya mkononi vilionyesha kwamba mara tatu hivi kwa siku hujikuta wakihema kwa dakika moja au mbili, kwa kukimbilia basi au kupanda ngazi upesi, walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 38 hadi 40 kulinganisha na wasiofanya hivyo kabisa. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha peke yake kwamba kuhema ndiko kulikowaokoa. Hata hivyo unatosha kumfariji mama anayepandisha kilima na mzigo wa sokoni akidhani hiyo siyo kitu.

Je, wajua kwamba malipo yanaweza kuua raha? Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci alichapisha jaribio alilofanya na wanafunzi wa chuo waliokuwa wakichezea vipande vya fumbo vya kuunganisha. Kundi moja lililipwa dola moja kwa kila fumbo lililofumbuliwa, jingine halikulipwa. Malipo yalipoondolewa, waliokuwa wakilipwa waliligusa fumbo kwa muda mfupi zaidi walipoachwa huru; kilichokuwa mchezo kilikuwa kimegeuka kibarua. Deci na mwenzake Richard Ryan walijenga juu ya hapo nadharia inayosema kwamba ari ya kudumu hulishwa na mambo matatu: kujiona umechagua mwenyewe, kujiona unaweza na unazidi kuweza, na kujiona uko pamoja na wenzako.

Nashindwa kupita hapa bila kusema jambo linaloniuma. Katika shule zetu nyingi mtoto aliyechelewa huzungushwa uwanja, na mtoto aliyepiga kelele huruka kichura. Chukua yale mambo matatu ya Deci na Ryan uyapime. Hakuchagua. Anafanya hadi ashindwe, mbele ya wenzake. Na yuko peke yake, wenzake wakimcheka. Tunamfundisha mtoto kwa miaka saba au zaidi kwamba kukimbia ni adhabu, kisha akifika miaka 40 daktari anamwambia akimbie kwa ajili ya moyo wake. Walimu wangu wapendwa, mna adhabu nyingine. Hiyo iacheni.

Kinyume chake tunacho pia, na ni hazina yetu. Je, wajua kwamba mchakamchaka wa asubuhi shuleni ulikuwa na karibu kila kitu ambacho wanasaikolojia wanakitafuta? Saa yake inajulikana. Mwenzako yuko kulia na kushoto. Kiongozi anaanzisha wimbo, kundi linaitikia, miguu inafuata mdundo, na mwendo ni ule unaomruhusu hata mnene wa darasa aimbe. Hakuna anayeulizwa kama leo ana ari. Unaipata njiani, kwenye wimbo wa pili au wa tatu.

Ndiyo maana vikundi vya joging vya mitaani vimeshika Dar es Salaam na Zanzibar. Vina fulana za rangi moja, mwenyekiti, mweka hazina, michango ya misiba na ya harusi. Usipotokea Jumamosi utapigiwa simu, na aliyekupigia hakupigii kuhusu afya yako, anauliza kama mgonjwa wako amepata nafuu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Je, wajua kwamba nguvu ya wenzako imepimwa tangu mwaka 1898? Norman Triplett wa Marekani aliangalia rekodi za waendesha baiskeli akaona kwamba anayekimbizana na wengine huenda kasi zaidi ya anayekimbizana na saa. Miaka ya 1920 Otto Köhler wa Ujerumani alifanya majaribio na wapiga makasia wa Berlin, akaona kwamba mtu dhaifu katika kundi huvuta zaidi kuliko anavyovuta akiwa peke yake, hasa wenzake wakiwa wamemzidi kidogo. Wakiwa wamemzidi sana, athari hiyo hupungua. Kwa hiyo chagua mwenza anayekuacha hatua chache. Bingwa wa mtaa atakukatisha tamaa.

Je, wajua kwamba Eliud Kipchoge hakukimbia peke yake siku aliyokata kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40? Ilikuwa Vienna, Oktoba 12, 2019, na wakimbiaji 41 walipokezana kumwekea kasi na kumkinga upepo. Miaka mingi ameishi siku za wiki katika kambi ya Kaptagat, karibu na Eldoret, pamoja na wanariadha wengine, akichukua zamu ya usafi pamoja na vyoo kama wenzake, na kuandika kila zoezi kwenye daftari. Kocha wake ni Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji mita 3,000 huko Barcelona mwaka 1992. Mtu mwenye kipaji kile, na fedha zile, bado amejizungushia watu, ratiba na daftari. Hakuiachia ari kazi yote.

Je, wajua kwamba Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi Tanzania? Na kwamba mwaka huo huo wa 2016 Kigali ilianza kufunga baadhi ya barabara zake Jumapili asubuhi ili watu wakimbie, watembee na waendeshe baiskeli? Lami ikiwa tupu, hata asiyekuwa na mpango hutoka kuona kuna nini.

Na barabara isipokuwa salama? Mwanamke anayeogopa kutoka alfajiri kwa sababu ya giza, mbwa au midomo ya vijana wa kijiweni hajakosa ari. Amekosa taa na heshima. Anayemhubiria kuhusu nidhamu amemkosea.

Je, wajua kwamba kuna kipimo cha nguvu ya mazoezi kisichohitaji saa wala simu? Ni mdomo wako. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani, na hicho ndicho kinachotosha kwa dakika 150. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, umeingia kwenye kiwango kizito. Mtafiti Panteleimon Ekkekakis ameonyesha kwa miaka mingi kwamba watu wengi huanza kuona karaha pale pumzi inapoanza kuwakimbia, na kinachokumbukwa kama karaha hakirudiwi. Anayeanza leo aende polepole kuliko anavyotaka.

Je, wajua kwamba mwisho wa zoezi ndio unaobaki kichwani? Mwaka 2016 Ekkekakis, Zachary Zenko na Dan Ariely waligawa watu makundi mawili: moja lilianza kwa wepesi likamalizia kwa uzito, jingine likaanza kwa uzito likamalizia kwa wepesi. Waliomalizia kwa wepesi walilikumbuka zoezi kwa furaha zaidi na wakatarajia kulifurahia tena. Pasha mwili kwanza, kama kawaida. Halafu weka kilima mwanzoni na tambarare nyumbani.

Je, wajua kwamba tunakosea tunapokisia? Utafiti mmoja wa Kanada wa mwaka 2011 uliwauliza watu wangefurahia zoezi kiasi gani kabla ya kulifanya, kisha ukawauliza baadaye. Walilifurahia zaidi ya walivyodhani. Kosa lilitokana na kuangalia dakika za mwanzo tu, ambazo ndizo chungu.

Je, wajua kwamba raha ya kukimbia huenda haitokani na endofini kama tulivyofundishwa? Mwaka 2021 watafiti wa Hamburg waliwapa wakimbiaji dawa ya kuzuia njia ambayo endofini hufanyia kazi, na furaha ikawajia vile vile. Sasa wanasayansi wanaangalia zaidi kemikali nyingine za mwili wenyewe, za jamii ya zile zinazofanana na za bangi. Mwili unajitengenezea, kihalali kabisa.

Je, wajua kwamba kulipia jimu si sawa na kwenda? Wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walifuatilia wanachama 7,752 wa jimu tatu za Marekani. Waliolipa ada ya mwezi ya zaidi ya dola 70 walihudhuria wastani wa mara 4.3 kwa mwezi, yaani zaidi ya dola 17 kwa kila mara, ilhali wangeweza kununua kadi ya mara kumi na kulipa dola 10 kila waendapo. Anza kwa kulipia siku, ndugu yangu. Ada ya mwaka isubiri.

Je, wajua kwamba starehe inaweza kufungashwa pamoja na jasho? Katherine Milkman na wenzake waliwapa watu riwaya za kusikiliza zenye kunasa, kwa sharti kwamba zisikilizwe jimu tu. Mwanzoni walihudhuria kwa asilimia 51 zaidi ya wenzao, ingawa mapumziko ya sikukuu yalipokuja tofauti ilififia. Nyumbani kwako inaweza kuwa tamthilia ya redio, taarabu unayoipenda, au uchambuzi wa mpira: visikilize ukitembea, na ukikaa vizime.

Je, wajua kwamba siku 21 za kujenga mazoea hazina msingi? Zilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua takriban siku 21 kuizoea sura mpya. Phillippa Lally wa University College London alipopima watu 96 waliojaribu kujenga mazoea mapya, wastani ulikuwa siku 66, wa haraka 18, na wengine ilikadiriwa wangehitaji hadi 254. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu hiyo ina faida kwa aliyekwisha kuzoea jema. Lally aliona pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu cha maana.

Je, wajua kwamba sentensi moja inaweza kushinda mahubiri? Mwaka 2002 watafiti watatu wa Uingereza, Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran, waligawa watu 248 makundi matatu. Kundi lililoachwa bila kuelezwa chochote, asilimia 38 walifanya mazoezi wiki iliyofuata. Kundi lililopewa maelezo ya kutisha kuhusu ugonjwa wa moyo, asilimia 35. Kundi la tatu lilipewa maelezo yale yale, kisha kila mmoja akaandika siku, saa na mahali atakapofanyia zoezi lake. Asilimia 91 walifanya.

Je, wajua, la mwisho, ni zawadi gani iliyofanya kazi kuliko zote? Mwaka 2021 Milkman na wenzake walichapisha jaribio kubwa lililohusisha wanachama 61,293 wa jimu nchini Marekani na mbinu 54 za kuwahamasisha. Iliyoongoza haikuwa zawadi ya kutokukosa hata siku moja. Ilikuwa zawadi ndogo mno, senti chache tu, kwa aliyekosa halafu akarudi.

Kwa hiyo wewe uliyeanza Januari ukaacha Februari, chukua kalamu sasa hivi. Andika siku, saa, mahali pa kuanzia, na jina la mtu atakayekusubiri hapo. Dakika kumi zinatosha kwa siku ya kwanza. Mpigie huyo mtu kabla hujalifunga gazeti hili.